Jina, Pindo na Mkono: Kuhusu Usomaji wa Kanga na Kazi ya Kupiga Chapa Vitambaa

1. Swali lenyewe

Mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Kongo, awe Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, hukutana na kanga kwanza juu ya karatasi. Hupewa orodha ya majina ya kanga, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kitambaa, yakiwa yamepangwa kwa maana: mapenzi, wivu, dini, malezi, siasa. Huyasoma kama asomavyo methali, huyachambua kwa istilahi za fasihi simulizi, kisha huulizwa kama hayo ni fasihi au siyo. Mara nyingi jibu lake huwa baridi. Maneno ni machache, mengi ni methali za kale zinazorudiwa, mengine hayaeleweki, wala mtungaji hajulikani. Basi kanga huwekwa pembeni kama pambo la somo, na darasa huendelea na utendi na riwaya.

Makala hii inadai kwamba hukumu hiyo imetoka katika orodha, haikutoka katika kanga. Jina la kanga likiondolewa juu ya kitambaa huacha nyuma zaidi ya nusu ya maana yake, na anayelihukumu baada ya hapo anahukumu mabaki. Kosa hili halitaonekana kwa kuongeza nadharia peke yake. Huonekana upesi zaidi mtu anaporudi kwenye kazi iliyotangulia kanga ya kiwandani, ambayo ni kukata kibao, kukipaka rangi na kukigonga juu ya pamba kwa mkono. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya mafundi na ya akina mama wenye nafasi nyumbani. Inastahili kuhesabiwa pia kuwa njia ya uhakiki.

2. Maneno ya kazi

Kiswahili chenyewe hakikutenga kitabu na kitambaa. Kitabu hupigwa chapa. Kitambaa nacho hupigwa chapa. Neno hilo limetoka Bara Hindi, ambako chhap ni alama iliyogandamizwa juu ya kitu. Huko Gujarat mafundi wamekuwa wakipiga pamba chapa kwa vibao vya mbao tangu karne nyingi. Vipande vya nguo zao vimefukuliwa Fustat, karibu na Kairo, navyo ni vya zama za kati. Bahari iliyopeleka nguo hizo Misri ndiyo iliyozileta pwani ya Afrika Mashariki, na neno likaja pamoja na mzigo.

Maneno mengine ya kazi hii yana historia ya namna hiyo hiyo. Leso ni lenço ya Wareno. Doti, jina la kanga mbili zilizounganika kabla ya kukatwa, lina asili ya Kihindi. Nakshi ni ya Kiarabu, na Mswahili huitumia kwa mlango uliochongwa, kwa ukuta wa chokaa na kwa nguo. Merikani ni jina la nchi lililogeuka kuwa jina la bidhaa. Anayefundisha mikopo ya maneno katika Kiswahili angeweza kuanza na sanduku la nguo la bibi mmoja wa Mombasa, na asihitaji kamusi nyingine kwa muhula mzima.

Sehemu za kanga zina majina yake pia. Ukingo unaozunguka pande zote nne ni pindo. Uwanja wa katikati ni mji. Maneno yaliyo ndani ya mji, karibu na pindo la chini, ni jina. Majina haya matatu hayana uzito sawa machoni pa wasomi: la tatu limeandikiwa vitabu, na mawili ya kwanza hutajwa kwa mstari mmoja. Ni vema kuuliza ni lipi kati yao lililotangulia.

3. Kitambaa kabla ya maneno

Kuanzia miaka ya 1830 meli za Marekani zilileta Zanzibar pamba isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, bidhaa hiyo ilipungua, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi yake; lakini jina la merikani lilibaki. Kitambaa hiki kilibebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika, kikafika Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Maniema. Msomaji wa Kongo hana haja ya kuyaona haya kuwa mambo ya pwani ya mbali. Kiswahili kilimfikia kwa njia ile ile, mabegani mwa wapagazi wale wale, wenye hiari na wasio na hiari.

Merikani ilikuwa nguo tupu. Ilipotiwa nili ikawa kaniki, nguo ya kazi na ya unyonge. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Zanzibar, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani, baada ya sheria ya mwaka 1897, walivyoyaacha mavazi hayo na kuvaa kanga zenye rangi na nakshi, ili wasionekane tena kuwa mali ya mtu. Kwao nakshi haikuwa urembo tu. Ilikuwa tangazo, na ilitangaza bila herufi hata moja.

Kuhusu kanga yenyewe, simulizi ya pwani husema kwamba wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua sita, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja. Husema pia kwamba madoadoa ya nguo za mwanzo yalifanana na manyoya ya ndege aitwaye kanga. Vitambaa vingine vilipigwa chapa kwa vibao vya mbao. Kisutu cha harusi, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimehifadhi sura ya zama hizo hadi leo: pindo zito, mji uliojaa maumbo yanayorudiwa, na kwa desturi hakina jina.

Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashine za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuichukua kazi ya kibao. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuwa aliyeanzisha kuweka misemo ya Kiswahili kwenye kanga. Kwanza ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Kwa hiyo jina ni mgeni aliyekuta nyumba imekwisha kujengwa. Pindo lilikuwepo, mji ulikuwepo, na mpangilio wa kurudia ulikuwepo. Jina lilipewa chumba kimoja chembamba, likajifunza kukaa humo. Ufupi wake, ambao mwanafunzi huuona kuwa umaskini, kwanza ni adabu ya mgeni.

4. Kazi ya mkono hufundisha nini

Haya huweza kuelezwa kwa maneno, lakini hueleweka kwa mkono. Jaribio lenyewe ni dogo. Huhitaji mita moja ya pamba nyeupe iliyofuliwa ili wanga wa kiwandani utoke, maana kitambaa chenye wanga hukataa rangi. Huhitaji meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, kwa kuwa juu ya ubao mkavu chapa hutoka na mapengo. Kibao huchongwa katika mti laini. Asiye na mti hukata kiazi kitamu au muhogo, naye atapata chapa nzuri kwa saa chache kabla haujanyauka. Rangi hupakwa kwenye kibao kwa sifongo, isiwe nyingi, kisha kibao hugandamizwa mara moja bila kutikiswa.

Somo la kwanza ni kipimo. Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Aliyechonga kibao cha sentimita 8 bila kuhesabu atapiga chapa mara 18 katika urefu, na zitabaki sentimita 6. Katika upana atapiga mara 13, na zitabaki 6 tena. Hapo ana njia tatu: kuzibana chapa, kuikata moja, au kuchonga kibao kingine kwa ajili ya pembe. Aliyechonga kibao cha sentimita 10 hupiga mara 15 na mara 11, na pindo hufunga. Mwanafunzi aliyewahi kuhesabu mizani za shairi ataitambua kazi hii mara moja. Kosa la kipimo halionekani mwanzoni mwa mstari. Huonekana mwishoni, wakati hakuna tena pa kulificha.

Somo la pili ni herufi. Anayechonga neno WEMA kama alivyozoea kuliandika atapata juu ya kitambaa neno linaloanza na A na kuishia na W, na E yake imegeuka kutazama kushoto. Hana budi kuchonga kinyume ili lisomeke sawa. Akijaribu kwa herufi za Kiarabu ataona ugumu mwingine, kwamba herufi zinashikana mikono, na neno haliwezi kupangwa kwa vibao vidogo vidogo bali huchongwa zima. Ndipo atakapofahamu kwamba kila neno kwenye kitambaa lina gharama, na kwamba mtu anayelipa gharama hiyo kwa kisu na kwa vidole hatachonga maneno kumi mahali ambapo matatu yanatosha.

Somo la tatu ni kurudia. Chapa ya kwanza huwa nzito, ya pili huwa safi, ya tatu huanza kufifia, kisha kibao hupakwa rangi upya. Hakuna mbili zinazolingana kabisa, ijapokuwa kibao ni kimoja. Msomaji wa fasihi simulizi anajua jambo hili kwa jina jingine: hadithi ni moja, usimulizi ni mwingi. Mashine iliondoa tofauti hiyo. Hata hivyo, tofauti iliyoondolewa na mashine ilirudishwa na mvaaji, kwa namna anavyoifunga, mahali anapoivaa na siku anayoichagua.

5. Orodha hupoteza nini

Baada ya jaribio kama hilo mtu huirudia orodha kwa macho mengine. Achukue jina moja, Wema hauozi. Kwenye orodha ni methali, na maana yake inajulikana na kila mtoto. Kwenye kitambaa maswali huongezeka. Mji wake una umbo gani: maua, embe, jembe, au kitu kisichohusiana na wema hata kidogo? Rangi zake ni zile za kisutu cha harusi, au ni za huzuni? Mvaaji aliinunua mwenyewe, alipewa na binti yake, au aliletewa na mume aliyekosa? Tena, jina hukaa chini ya mji, na mwanamke akiifunga kanga kiunoni maneno husomwa na anayemfuata nyuma. Mvaaji hayaoni. Anaweza kuyatuma, na akiulizwa anaweza kusema kwamba alipenda rangi tu.

Wasomi wa kanga hawakulisahau jambo hili lote, na haki yao isemwe. Rose Marie Beck, katika kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 2001, aliuweka utata huo katikati ya uchambuzi wake: kanga husema na hukana kwamba imesema. Sharifa Zawawi, mwaka 2005, aliandika juu ya kanga kama nguo inayozungumza. Tatizo ni kwamba kazi hizo hazifiki kwa urahisi katika maktaba za Kongo, na kinachofika darasani ni dondoo la majina, lililonakiliwa kutoka nakala iliyonakiliwa.

Katika kunakili huko hasara nyingine hutokea. Jina hupigwa mara nyingine katika viwanda ambavyo wafanyakazi wake hawajui Kiswahili; herufi hudondoka, maneno hushikana. Mwenye kuandaa orodha hufanya hisani: hurekebisha. Lakini mhariri wa miswada ya tenzi hairekebishi mistari ya mwandishi bila kusema. Kosa la herufi kwenye kanga ni ushahidi wa safari yake, kwamba iliagizwa pwani, ikachorwa kwingine, ikapigwa chapa ng'ambo na kurudi. Orodha iliyosafishwa husafisha hata historia.

Yuko atakayejibu kwamba kanga ni mali ya kiwanda tangu zaidi ya miaka mia, na kwamba kibao cha mkono hakina cha kusema juu ya nguo iliyopigwa chapa Urafiki, Dar es Salaam, au Bombay. Atasema pia kwamba kitambaa huchakaa na neno hubaki, basi heri orodha kuliko kukosa yote. Hoja ya pili ni ya kweli, na orodha zisichomwe. Ya kwanza ina nusu ya ukweli. Kiwanda kilichukua nguvu ya mkono, lakini kilitii mpangilio wake: pindo, mji na kurudia ni sheria za kibao ambazo hata mashine haikuzifuta. Asiyezijua huona mapambo mahali ambapo pana sarufi.

6. Jina lililo kinywani

Kongo ina sababu yake ya kulishika swali hili, maana desturi yake ni tofauti na ya pwani. Kikwembe cha Lubumbashi au cha Goma kwa kawaida hakina maneno. Kimezaliwa na nguo za nta zilizobuniwa kwa kuiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, ndiyo mashuhuri zaidi katika biashara hiyo. Inasimuliwa kwamba michirizi iliyoachwa na nta iliyopasuka, ambayo wanunuzi wa Java waliiona kuwa kasoro, ndiyo iliyowapendeza wanunuzi wa Afrika. Hapa kosa la kazi liligeuka kuwa nakshi.

Kikwembe hicho kina jina pia, lakini haliandikwi. Hutolewa na wauzaji na wanunuzi sokoni, na huenea kwa mdomo. Mon mari est capable ni mfano unaojulikana kutoka Afrika Magharibi hadi Kongo. Pwani jina hupigwa chapa kisha likafasiriwa. Kongo nakshi hupigwa chapa, na jina lenyewe ndilo fasiri. Mwenye orodha ya pwani mkononi angesema kwamba kikwembe hakisemi kitu. Muuza nguo yeyote angemcheka. Na inapofika tarehe 8 Machi, au wakati wa uchaguzi, vikwembe vyenye maandishi na picha hujaa barabarani. Lakini maneno hayo yametoka kwa mwenye kuagiza, na mvaaji hukabidhiwa. Tofauti kati ya jina lililochaguliwa, jina lililobuniwa na jina lililogawiwa yastahili somo zima, nayo haionekani kwa mtu anayehesabu maneno tu.

Tena Kongo ina kazi za mkono ambazo humsahihisha mpenda kibao asije akadhani kwamba nakshi yote ni kurudia. Katika msitu wa Ituri, ambako Kiswahili kiitwacho Kingwana kimekuwa lugha ya mawasiliano, wanaume wa Kimbuti hupiga magome ya miti hadi yalainike kama nguo. Wanawake huyachora kwa vidole na vijiti, kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Mistari yao huanza, hugeuka, hukatika na kuacha nafasi tupu. Katika Kasai, miongoni mwa Wakuba, wanaume hufuma rafia na wanawake huitarizi maumbo ambayo hubadilika njiani, bila mchoro wa kufuatiwa. Sanaa hizo hazina kibao, lakini fundisho lao ni lile lile: anayechora ndiye anayefikiri.

Fundisho hilo lilipata kikwazo katika shule. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, nyumba za mafunzo zilizoitwa foyers sociaux ziliwafundisha wanawake wa mijini kushona na kutia viraka pamoja na usafi wa nyumba. Sindano ilitolewa kama zana ya adabu. Umbo la nguo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na mwingine. Urithi wake haujaisha. Hata leo kazi ya kitambaa hutajwa kama njia ya kumshughulisha msichana aliyekosa shule, mara chache kama maarifa yanayoweza kuhojiwa mbele ya maprofesa. Kanga iliyopunguzwa kuwa orodha ya methali na fundi aliyepunguzwa kuwa mikono tupu ni matokeo ya mtazamo mmoja, unaokubali kusoma maneno ya wanawake ila hausomi kazi yao.

7. Hitimisho

Yapo mambo mawili yanayowezekana bila bajeti kubwa. La kwanza ni kwamba yeyote anayekusanya majina, ya kanga au ya vikwembe, aandike pamoja na kila jina vipimo vya nguo, rangi, umbo la pindo na la mji, tahajia kama ilivyo, mahali iliponunuliwa, na maelezo ya mwenye nguo kwa maneno yake mwenyewe. Jina lisiloandamana na hayo lihesabiwe kuwa dondoo lisilo na chanzo.

La pili ni kwamba somo la kanga lisianze ubaoni. Lianze na kisu, kiazi, rangi na mita moja ya pamba, na kila mwanafunzi, mwanamume kwa mwanamke, achonge neno moja la kuchagua kwake na pindo la kulizunguka. Wengi watakosea pembe, na baadhi yao watapata neno lililogeuka. Siku hiyo hakuna atakayeuliza kwa nini majina ya kanga ni mafupi, na swali kama ni fasihi au siyo litaulizwa na watu wenye rangi vidoleni.